Jiwe la Mlangoni

9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza, ndiyo usome, maana nakujua ukisoma umesimama huwa unarukia mwisho. Mimi mzima, ila koo linanikereketa kwa vumbi, na vidole vyangu vimegeuka kahawia hadi kwenye kucha; sabuni haitoi, ndimu haitoi. Mama anaendeleaje na macho? Na mwanao bado anacheka mpaka anashikwa na kwikwi? Wasalimie wote. Simu usihangaike kupiga, humu ndani haishiki. Barua namkabidhi dereva wa lori la maji, yeye ndiye anayeipeleka posta.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, na mwaka wa tatu huu niko ugenini nakujibu "kiwandani" kama mtu anayejibu askari. Basi leo nakwambia. Nakata mawe. Si ya kujengea. Nakata vimondo, mawe yaliyoanguka kutoka juu.

Najua unacheka. Hata mimi nilicheka. Ile nyota unayoiona ikichomoka na kupotea si nyota, dada. Ni kijiwe, mara nyingi si kikubwa kuliko punje ya mchanga, kinaingia kwenye hewa kwa kasi ya ajabu na kuungua chote. Kikiwa kikubwa hakimaliziki, na masalia yake yanafika chini. Watu huyaokota, wengine huyanunua na kuyapanga kabatini kama vyombo vya bibi harusi. Mwenye duka letu anawauzia. Tunamwita Manukato kwa sababu anajipulizia marashi ili asisikie harufu ya asidi yetu. Asidi na waridi, changanya mwenyewe halafu uniambie kama chai itapita.

Yapo ya namna tatu. Mengi ni ya mawe. Ukiyakata unaona vidonge vya mviringo, kama mtama uliomwagwa kwenye saruji, na chembe za chuma zinazometa. Mengine ni chuma kitupu chenye nikeli. Halafu yapo machache ya mseto, chuma chenye mawe ya rangi ya asali ndani yake, ukiyanyanyua juani yanapitisha mwanga. Haya nimeyashika mara mbili tu, na mara zote mbili Manukato alisimama nyuma yangu akinipumulia shingoni.

Sasa jambo lenyewe. Lile jiwe jeusi la Baba, linalozuia mlango wa karakana, bado lipo? Lile alilolitoa korongoni alipokwenda kuchimba msingi, akawa ananyooshea misumari juu yake. Lile lililoning'oa ukucha nikiwa darasa la pili. Nimelifikiria wiki nzima. Lilikuwa zito kupita ukubwa wake, na juu lilikuwa na vibonyeo, kama unga uliokandwa ukabonyezwa kwa kidole gumba.

Naomba ulipime. Kwanza tazama kama lina matundu ya hewa kama ya mkate. Likiwa nayo, basi, si kimondo. Pili, lisugue nyuma ya kigae, ule upande usio na rangi: likiacha mstari mwekundu au mweusi, ni jiwe la kawaida la chuma. Tatu, sumaku, lakini ndogo. Wenye elimu wanasema jiwe hubeba kumbukumbu ya kule lilikotoka, na sumaku kali inaifuta. Nne, kwangua kona moja kwa tupa uone ndani kama kuna chuma cheupe. Upana wa ukucha, dada. Ukucha. Nakujua wewe na grinda.

Usimwambie mtu.

Mdogo wako

17 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Marahaba. Nimekaa. Nimekaa juu ya hilo jiwe lako, tena.

Mama macho yake ni yale yale. Anaona mlango, haoni anayeingia, kwa hiyo anamsalimia kila mtu kwa heshima sana hadi wakusanya madeni wanaona aibu. Mwanao, maana ukimtaka acheke ni wako na akikasirisha ni wangu, amepata mchumba. Ni fundi umeme, mrefu, mpole, anakula kama amekatazwa kesho. Harusi ni Agosti. Binti anataka mjomba wake asimame naye. Nimemwambia nitakuuliza. Nakuuliza: unakuja lini? Hii ni mara ya tatu nauliza, na mara mbili umenijibu habari ya hali ya hewa.

Jiwe nimelipima. Matundu halina. Kwenye kigae halikuandika kitu, nimesugua mpaka kigae chenyewe kimechoka. Sumaku nilitoa kwenye spika mbovu ya redio. Ilishika, nikaing'oa kwa bisibisi. Kona nimeikwangua upana wa ukucha, kama ulivyosema. Ukucha wa tembo. Usinifokee, grinda ilikuwa imewaka tayari kwa ajili ya geti la mwalimu mkuu, na tupa imekula kutu. Ndani ni cheupe kama kijiko kipya.

Baba alijikwaa hapo kila asubuhi miaka ishirini na kila asubuhi alilitukana kwa tusi lile lile. Kumbe alikuwa anatukana mbingu.

Lakini niambie kitu kimoja. Ulisema nisimwambie mtu. Wewe umemwambia nani?

Dada yako

25 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpongeze mwanangu, na huyo mrefu mwambie nina maswali yangu. Mama mwambie nimemnunulia miwani ya jua, ni myeusi, itamfaa akienda kliniki. Kuhusu Agosti, tutaona. Agosti ni mbali.

Barua yako imechukua wiki tano. Nimeisoma nimekaa juu ya pipa, nikatapika. Si kwa sababu yako. Kwa sababu umeuliza nimemwambia nani, na jibu ni kwamba nilimwambia Manukato. Ni kabla hata sijakuandikia. Alikuwa anatuonyesha kipande cha chuma, anajisifu kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuona kitu kama hicho, sisi wa kuokotwa. Nikasema, "Sisi kwetu tunazuilia mlango." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniita ofisini, akanipa soda, akaniuliza ni kubwa kiasi gani, liko wapi, nani analikalia. Nikajibu yote. Nilikuwa na miaka mitatu sijapewa soda.

Sasa atamtuma mtu. Usimpe. Nakueleza kwa nini, na usome taratibu.

Nilikwambia tunakata vimondo. Tunakata, kweli, vichache. Kilo kumi za jiwe la kweli tunazifanya vipande vyembamba kama biskuti, vingine tunavitoboa viwe shanga za kuvaa shingoni. Kitu kilichosafiri kabla hapajawa na mtu wa kukihesabia miaka, sisi tunakifanya hereni. Hilo peke yake linanitia kinyaa. Lakini si hilo.

Jengo la nyuma halina dirisha. Kila Jumatatu lori linaleta mavi ya chuma kutoka kwenye tanuri la kuyeyushia, yale makoko yanayobaki chuma kikishatoka. Tunayachagua yasiyo na matundu mengi. Yenye matundu tunayaziba kwa unga wa chuma na gundi. Tunayachemsha kwenye asidi hadi yalainike kona. Tunayagonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ili yapate vibonyeo. Tunayababua kwa moto wa gesi yapate ganda jeusi, tunayapaka rangi ya viatu kidogo sana, tunayafukia kwenye mchanga wenye maji ya chumvi wiki moja yapate kutu ya uzee. Yakitoka hapo, hata mama aliyeyazaa hayajui. Moshi wake unakaa kwenye meno. Nikipiga mswaki naonja.

Wanaonunua si wajinga, dada. Ni watu wanaoanza, wana hamu. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mstaafu, koti lake limefifia mabegani, ana daftari la mistari. Amesoma vitabu vyote. Aliniuliza maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikamwambia ukweli wote ninaoujua: kwamba jiwe ukiliokota, kabla hujalisogeza lipige picha na rula pembeni yake, andika siku, mahali na nani kaliona, maana jiwe lisilo na habari zake ni yatima, kwamba uulize sheria kwanza, kwani nchi nyingine kimondo ni mali ya serikali, kwamba ulitunze pakavu, ndani ya kopo lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Kwamba chuma cha kweli ukikisugua hadi king'ae, kisha ukakipaka asidi hafifu, kinatoa mistari iliyopishana kama mkeka, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuusuka mkeka ule, kwa sababu chuma kile kilipoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Akaandika kila neno.

Halafu Manukato akamletea koko letu. La Jumatatu. Mwalimu akatoa leso safi, akalipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Naweza kulishika bila glavu?" Nikasema, "Hapana mwalimu, jasho la mkono linaleta kutu." Nilimfundisha kutunza mavi, dada.

Na cheti nikakiandika mimi. Vyeti vyote ninaviandika mimi, kwa kuwa darasa la saba langu lina mwandiko mzuri. Ule mwandiko Baba aliokuwa anawaonyesha wateja wake. "Kinathibitishwa kuwa ni kimondo halisi." Nimeandika hivyo mara ngapi sijui. Mkono umezoea, unaandika huku mimi natazama ukutani.

Kwa hiyo usimpe. Akija, mwambie jiwe limeibwa.

Mdogo wako

2 Aprili

Kijiti,

Sijapata jibu lako, lakini naandika kwa sababu kuna mgeni amekuja.

Mama hajambo. Harusi iko pale pale. Mchumba ameturekebishia taa ya karakana na sasa naona vumbi ambalo sikujua ninalo.

Mgeni amevaa viatu vyeupe. Kwenye karakana ya kuchomelea, viatu vyeupe! Nilitaka kucheka. Akasema katumwa na mwajiri wako. Akaliona jiwe pale mlangoni, akapiga magoti, suruali yote kwenye grisi. Akapima kwa sumaku, akatazama ile kona niliyoikwangua kwa lenzi kama ya fundi saa, akaguna: "Nani mshenzi aliyefanya hivi?" Nikasema, "Ni mimi, karibu." Akalipima kwenye mzani wake wa kuning'iniza. Kilo kumi na tisa na robo. Akaandika, akapiga picha pande zote, akataka aondoke nalo siku hiyo hiyo.

Nikamwambia jiwe ni la Baba, Baba ni marehemu, nina mama na mdogo wangu, lazima tukae kwanza. Nikasema, "Mdogo wangu si atakuja Agosti kwenye harusi? Tutaongea hapo." Akacheka, Kijiti. Alicheka kicheko kile cha mtu anayejua kitu. Akanijibu neno moja kuhusu wewe ambalo sitaliandika hapa.

Atarudi mwisho wa Mei. Nina swali moja tu, na usinijibu habari za mawe. Hati yako ya kusafiria unaiweka wapi?

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi huku salama. Hati ipo mahali salama.

Barua yangu ya Machi bila shaka umeshaipata, kama hujaipata inakuja. Usimpe Viatu Vyeupe kitu. Huyo ndiye anayewauzia watu hotelini. Ana sauti ya huruma anayoivaa kama koti. Jana karudi kutoka safari nyingine akatuhadithia kuhusu mzee mmoja aliyemuuzia kimondo cha kweli kwa kubadilishana na baiskeli, akawa anacheka na chakula kiko mdomoni, tunakiona. Nikaacha sahani yangu.

Manukato kanipandisha cheo. Sasa nakata na kuandika, sichemshi tena. Wenzangu wananitazama kama nimewauza. Inawezekana.

Kila mtu ana kitu chake kinachomtia kichefuchefu. Changu ni mkono wangu wa kulia.

Jiwe la Baba lisije humu ndani. Hata kama mimi nitakaa. Umenielewa?

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu,

Barua ya Machi imefika juzi, ya Mei imefika leo. Posta wamezileta zimefuatana kama watoto wanaoogopa kuingia peke yao.

Nimesoma ya Machi mara nne. Mama nilimsomea, nikaruka pale pa kutapika. Sehemu ile ya asidi na nyundo nimeisoma mara sita.

Viatu Vyeupe yupo mjini. Safari hii kavaa vyeusi. Nimemwambia jiwe nitampa, nikampa na masharti yangu. Wewe yasikuhusu. Ukipewa kitu, pokea. Ukiulizwa kitu kwenye simu, jibu kama ulivyoulizwa, usianze hotuba.

Karakana naifunga wiki tatu kuanzia leo. Wateja nimewaambia naumwa mgongo.

Usiniandikie tena kuhusu hilo jiwe.

Dada yako

9 Julai

Dada,

Nitakuwa nimeshafika mimi kabla ya barua hii. Naiandika hivyo hivyo, kwa sababu kuna mambo nikikutazama usoni sitayasema.

Tarehe kumi na tisa Juni Manukato aliniita ofisini. Sikupewa soda. Akafungua kabati la chuma, akatoa bahasha, akatoa hati yangu, akanitupia mezani kama anatupa mfupa. Sasa nakiri: ilikuwa humo kabatini tangu siku ya pili nilipofika. Sikukwambia kwa sababu niliaga nyumbani kama mwanamume anayekwenda kazini, sikutaka mjue nimekwenda kuwa mbuzi wa mtu. Na habari ya simu kutoshika ilikuwa uongo. Simu zetu zilikuwa kwenye kabati hilo hilo.

Akanipa simu yake, inanuka waridi. Nikasikia sauti yako.

"Hati iko mkononi?"

"Iko."

"Jalada rangi gani?"

"Dada, hujambo? Ni..."

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Nisomee namba."

Nikasoma. Nikasikia karatasi upande wako. Nikakumbuka kwamba Mama alitunza nakala yake, ndani ya kopo la nyuzi za cherehani. Ulirudia tarakimu moja moja kama unahesabu nondo.

"Na tiketi?"

"Ipo hapa. Tarehe ishirini na nane Julai."

"Iweke shatini pamoja na hati. Usivitoe hata ukienda kuoga." Halafu ukamwambia mtu aliyekuwa karibu yako, "Haya, baba, chukua jiwe lako." Ukakata.

Dada, nilikuchukia. Nisamehe, lakini nilikuchukia wiki mbili nzima. Nilikuandikia jiwe lisije, hata kama mimi nitakaa, na wewe umelitoa ili mimi nitoke. Nililala na hati kifuani na kila nilipogeuka ilinikwaruza. Niliona Baba akinyoosha misumari hewani, chini hakuna kitu.

Jumatatu jiwe likafika. Kasha la mbao, pamba tele. Manukato akasimama, wote tukasimama. Wakalifunua. Nikaona ganda jeusi, vibonyeo, ile kona uliyoiharibu kwa grinda. Kilo kumi na tisa na robo. Manukato aliligusa kwa kidole kimoja, akapangusa kidole. Akaniambia, "Wewe mwenyewe ndiye utakayelikata. Zawadi yangu ya kukuaga." Akatoka kwenda kula.

Nikalifunga mezani. Nikaomba radhi kwa Baba, kwa sauti, wenzangu wakadhani naomba dua. Nikakata pembeni, unene wa vidole viwili. Maji yakatoka na unga wa kijivu kama kawaida. Kipande kikaanguka, nikakigeuza.

Palikuwa na mshono. Mshono wa kuchomelea, umepanda na kushuka kwa hatua fupi fupi, kama mgongo wa samaki, vile alivyotufundisha Baba na hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo kwa sababu unakula muda. Na katikati ya mshono, yamekaa vizuri, meno mawili ya gia ya lori. Yananichekea.

Nilikaa chini, dada. Nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi kama mwanao. Umelijaza gia kuukuu ili uzito utimie! Yule mwenye lenzi alishalipima la kweli Aprili, hakuona haja ya kulipima tena.

Halafu kicheko kikaisha, na kinyaa kikarudi mahali pake. Nilikuandikia barua ile ili uchukie, wewe ukaisoma kama maelekezo ya dawa. Nyundo ya kichwa cha mviringo. Moto wa gesi. Rangi ya viatu. Mchanga wa chumvi wiki moja. Uchafu niliotaka uishie kwenye mikono yangu nimekutumia kwa posta hadi karakana ya Baba, na umeufanya vizuri kuliko sisi.

Manukato alikuwa bado anakula. Nilikuwa na muda mfupi tu kabla hajarudi. Nikakibandika kipande kwa gundi yetu, nikaziba kwa unga wa chuma, nikababua, nikapaka. Aliponiuliza, "Vipi ndani?" nikamtazama machoni, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

"Sijakata, nimetazama ile kona tu. Chuma safi sana," nikasema. "Safi mno. Ukilikata utajuta. Liuze zima."

Akatabasamu. Anaye tajiri mmoja anayetaka kitu cha kuweka kwenye ukumbi wa ofisi yake, chini ya taa. Kwa hiyo gia ya lori itakaa juu ya meza ya kioo, watu watavua kofia. Tajiri simwonei huruma sana. Lakini cheti nimekiandika mimi, leo asubuhi. "Kinathibitishwa kuwa ni kimondo halisi." Safari hii sikutazama ukutani. Mkono ulijua unachoandika, na ukaandika. Miaka mitatu nilidanganya kwa sababu nililazimishwa, na nilijisafisha kwa hilo. Cheti cha mwisho nimekiandika kwa faida yangu mwenyewe. Nimenawa mara tano.

Kuna mtu mmoja ambaye siwezi kumnawa. Yule mwalimu. Anwani yake ninayo, aliiandika kwenye daftari letu kwa herufi kubwa. Nimeianza barua yake mara nyingi. "Mheshimiwa mwalimu, kile ulichokifunga kwenye leso..." Sifiki mbali. Ukweli nitakaompa utamwachia leso tupu.

Naifunga hapa, dereva anapiga honi. Jiwe la Baba liko wapi, sikuulizi. Nitaliona au nitajikwaa.

Mdogo wako

29 Julai, imebandikwa mlangoni

Kijiti,

Tumekwenda kukupokea, mimi, Mama, mwanao na huyo mrefu. Tukipishana njiani, ingia. Mlango uko wazi na jiwe liko pale pale. Inua mguu, usije ukang'oa ukucha mwingine, harusi imebaki wiki mbili.

Najua umeshakata kile nilichowatumia na unanichukia kidogo. Chuki yako nitaipokea ukishakula. Hata mimi, kile chuma nilipokitoa mchangani nilikitazama nikaona uso wangu haunifurahishi. Lakini Viatu Vyeupe alipocheka siku ile aliniambia, "Huyo haji popote, yuko kabatini." Neno lenyewe ndilo hilo. Ningemchomelea hata mwezi.

Sasa tazama juu ya meza ya kazi, chini ya kitambaa. Ile kona niliyoiharibu nimeikata kwenye jiwe la Baba, la kweli. Ni ndogo, kama kipande cha sabuni. Nimeisugua hadi ikang'aa, kisha fundi redio akanipa dawa anayooshea sakiti zake, nikaipaka taratibu kwa brashi. Mistari ikatoka, Kijiti. Imepishana kama ulivyosema, mkeka mzima. Mama alipitisha kidole, akasema anauona.

Hiyo ni ya yule mwalimu wako. Nimeandika pembeni siku aliyoliokota Baba, kwa kadiri Mama anavyokumbuka, na lile korongo, na jina la Baba kamili. Cheti sijagusa. Karatasi na kalamu viko hapo.

Kiandike wewe.

Dada yako